Fundi Aliyejenga Kuta Bila Milango

Wapendwa, kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali ya misheni. Kompyuta zote pale, za wodi, maabara na ofisi, zilikuwa kwenye mtandao mmoja usiogawanywa. Moja ikiita, zote zinasikia, kama watu mia wanaopiga kelele ndani ya banda moja. Mtandao ukawa mzito, lawama zote zikamwangukia fundi.

Akanunuliwa swichi ya tabaka la tatu, kifaa cha kuunganisha kompyuta. Hiyo huugawa mtandao kuwa vyumba, mafundi huviita VLAN, kila kitengo na chake. Tena hupeleka ujumbe kutoka chumba hiki hadi kile, ilimradi fundi akipe kila chumba anwani ya mlango na kuiamuru swichi ipitishe. Fundi akajenga kuta. Akajaribu kila kompyuta na jirani yake wa chumba kimoja, zikaitikiana. Akafurahi, maskini, akaandika, "Kazi imekamilika." Kutoka chumba hadi chumba hakujaribu.

Kesho yake asubuhi mkewe akajifungua hapohapo, damu ikawa haikomi. Muuguzi akatuma ombi la damu kwa kompyuta, akangoja. Akatuma tena. Fundi alipoona mkewe anaishiwa nguvu, akakimbilia maabara, hatua thelathini tu.

"Dada, damu ya mke wangu iko wapi?"

"Ipo kwenye friji, kaka. Ila ombi halijafika, na bila ombi kwenye kompyuta tumekatazwa kutoa."

"Nipe, dada! Kosa ni langu!"

Akampa. Aliporudi mbio, mkewe alikwisha funikwa shuka hadi usoni. Akakaa sakafuni na mfuko wa damu mapajani. Ungemwambia nini?

Mnamlaani? Ngojeni kwanza. Sisi tuna kwaya, tuna umoja wa akina mama, tuna vijana, tuna jumuiya kumi na mbili. Mtu akiugua, wa kundi lake wanakuja. Tunajuliana hali humohumo, kisha tunasema kanisa liko hai! Alhamisi tumemzika mama mmoja aliyekuwa akisali nasi, asiye na kundi lolote. Majirani wanasema alishinda na njaa wiki mbili. Jina lake nililisoma kwenye karatasi ya mazishi, mimi mchungaji wake.

Nani hapa analijua? Asimame.