Mwasumini wa Bi Raya

Haya, walio nyuma wasogee, uongo wangu mtamu unaanza.

Bi Zuwena na jirani yake Bi Raya kila mmoja alikuwa na mwasumini uani. Lakini maharusi wote walikwenda kwa Raya kutaka vikuba vya maua, na Zuwena roho ikimwuma.

Masika yalipokaribia, Zuwena akapenya ua kwa siri, akaukatakata mti wa mwenzake kwa panga. Ukachipuka maradufu. Akarudi, akaumwagia mavi ya mbuzi unuke vibaya. Ukanawiri. Akarudi mara ya tatu na jembe, akatifua udongo wa shinani kote mizizi ikauke. Mvua ikanyesha, maji yakazama mizizini, mti ukajaa maua meupe pe!

“Kwani wewe hufi?” akalia Zuwena.

Mti ukamjibu, “Nife vipi, shoga? Raya mgongo unamwuma, mwaka huu hajanigusa. Umenipogoa wewe, umenitia samadi wewe, umenipalilia wewe. Na wako, nani kautazama?”

Zuwena akakimbilia kwake. Akakuta kisiki kikavu, na mbuzi wa Raya anajikuna nacho.

Nami nikaondoka zangu. Kikuba changu nilichukua kwa Raya.