Mapute Awapikia Wakwe Makande

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti ya watu waliokula au ya watu waliotoka kuzika? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni motoni. Anayesinzia asinzie upande wa mkewe, asiniegemee mimi.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo jogoo walibishana na watu na watu wakashindwa, palikuwa na mwanamume akiitwa Mapute. Mapute alikuwa na shamba zuri, ndevu nzuri, na kitambi kilichofika barazani kabla yake. Kitambi hicho hakujipikia. Alipikiwa na mkewe, Mwamvua, katika chungu kimoja cheusi, juu ya mafiga matatu, kila siku ya Mungu.

Chungu kilikuwa kimoja kwa sababu vinywa vilikuwa vitano na kuni zilitoka mbali. Leo Mwamvua ataweka ndizi mbichi na kunde, amimine tui. Kesho muhogo na samaki mkavu. Keshokutwa makande, yale mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa na maharage mpaka yasahau nani alikuwa hindi na nani alikuwa haragwe. Mapute alikula, akacheua, akalala. Jikoni hakuingia kamwe. Utotoni bibi yake alimwambia kwamba mwanamume akifunua chungu, ndevu humnyonyoka. Akaliamini hilo mpaka utu uzima, maana ni jambo linalomstarehesha mwanamume kuliamini.

Siku moja Jumbe wa kijiji akaozesha binti yake. Mapute akaalikwa. Akala pilau kwenye sinia, akala mchuzi kwenye bakuli, akala sambusa, akala halua, akahesabu vyombo saba. Akarudi nyumbani kichwa kimevimba kuliko tumbo. Kesho yake jioni Mwamvua akamtengea makande. Mapute akaisukuma sahani.

"Chungu kimoja, chungu kimoja, chungu kimoja! Kwa Jumbe nimekula vyombo saba! Mimi punda, nikorogewe kila kitu kwenye ndoo moja?"

Watoto wakaacha kutafuna. Mwamvua akafunika chungu, akajifunga kanga, akambeba kitinda mimba mgongoni, akawashika mkono wale wakubwa wawili, akavuka mto kwenda kwa mama yake.

Mapute akacheka. "Atarudi kesho," akasema.

Kesho hakurudi. Mapute akachoma mahindi, nje yakawa mkaa, ndani mabichi. Keshokutwa hakurudi. Mapute akala mapera. Mtondo hakurudi. Mapute akala mapera yaliyobaki, na mapera, ndugu zangu, ukiyazidisha hufunga mlango wa nyuma. Mnielewe hivyo hivyo, kuna watoto hapa.

Lakini njaa haikuwa kitu. Kilichomuumiza ni kimya. Hakuna aliyemwita baba. Hakuna aliyemkanyaga miguu akiwa amelala. Siku ya nne, akifagia, akaokota chini ya kitanda mtoto wa gunzi, yule aliyekuwa akibebwa mgongoni na kitinda mimba wake. Mapute akaketi chini, mtu mzima na ndevu zake, akalia mpaka kamasi zikamtoka. Akanawa uso, akavuka mto.

Mama mkwe aliitwa Bi Mosi, mwanamke mwenye meno manne na maneno elfu. Mapute akaketi ukingoni mwa mkeka, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutazama kama punda wamekula?"

"Nimekosa, mama. Nimekuja kumfuata mke wangu. Kama ni mbuzi wa kuomba radhi nitaleta, kama ni kanga nitaleta..."

"Mbuzi ninaye, kanga ninazo," akasema Bi Mosi. "Sikiliza, baba. Ijumaa mchana tunakuja kwako, mimi, binti yangu na wajukuu zangu. Utatupikia chungu kimoja, kwa mikono yako mwenyewe, wala usimwite jirani. Tukishiba, Mwamvua anabaki kwako. Tukiondoka na njaa, anaondoka nami, na wewe ukaoe vile vyombo saba."

Mwamvua alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka, wala hakununa. Mapute akaaga, akaondoka.

Alipofika kwake akamkuta jogoo wake juu ya uzio.

"Jogoo, wakwe wanakuja, namtaka mke wangu. Nipike nini kwenye chungu kimoja?"

Jogoo akameza mate. "Chochote, bwana, ila si kuku. Firigisi ni ya mwenye nyumba, ndiyo desturi. Mama mkwe naye ni mgeni wa heshima. Utampa wewe ukose, au utaila mbele ya macho yake?"

"Kweli," akasema Mapute. Akaenda kwa mbuzi.

"Mbuzi, wakwe wanakuja, namtaka mke wangu. Nipike nini kwenye chungu kimoja?"

"Chochote, bwana, ila si mbuzi. Mimi nimezeeka, nyama yangu ni kamba. Mama mkwe ana meno manne. Akiyaacha yote kwenye paja langu, si atatangaza kijiji kizima kwamba umemng'oa?"

"Kweli," akasema Mapute. Akashuka mtoni kwa kambale.

"Kambale, wakwe wanakuja, namtaka mke wangu. Nipike nini kwenye chungu kimoja?"

"Chochote, bwana, ila si samaki. Miiba, bwana! Mkwe akikwamwa na mwiba nyumbani kwako, utamwambia nani akuamini?"

"Kweli," akasema Mapute.

Haya, mmemwona mtu anayemwomba kambale ushauri wa kupika? Kambale ana miiba michache kuliko samaki wote wa mto ule, lakini nani atajitolea ushahidi wa kumpeleka chunguni? Basi Mapute akarudi nyumbani, akatazama ghalani. Yalibaki mahindi na maharage, na nazi na kitunguu cha kuungia. Chakula kilekile alichokisukuma.

Alhamisi akashika mchi. Akatwanga mahindi kwa hasira, yakawa unga. Akatia mengine, akatwanga ovyo, yakaruka nje ya kinu, kuku wakamshukuru. Akatia mengine mara ya tatu, akayanyunyizia maji, akatwanga taratibu kama alivyokuwa akimsikia Mwamvua asubuhi, tu, tu, tu, akiwa yeye kitandani. Ganda likatoka. Akapepeta kwenye ungo, makapi yakamwingia machoni. Wanawake waliotoka kisimani wakatua ndoo zao ili wacheke vizuri.

"Mapute, mimba ya miezi mingapi hiyo?"

"Cheka, dada, cheka," akajibu, "lakini usiniambie kitu, nimekatazwa kusaidiwa."

Akaloweka mahindi na maharage. Ijumaa alfajiri akawasha moto, moshi ukamliza mara ya pili wiki ile. Akatia mahindi, akatia maharage, akatia maji, akatia na chumvi kabisa, amalize kazi. Akafunika chungu.

Sasa ikaja shida ya kufunua. Atajuaje kama chakula kimeiva? Mapute akazishika ndevu kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, akafunua kwa mkono wa kulia.

"Zimebaki ngapi?" akauliza jogoo kutoka kwenye uzio.

Mapute akazipapasa. Zilikuwepo zote. Akafunua tena, na tena, mpaka akasahau kuzishika. Miaka yote hiyo, kumbe bibi alikuwa anakilinda chungu dhidi ya mjukuu mwenye mkono mrefu!

Chungu kikachemka. "Bado, bado, bado," kikasema. Akaongeza maji. "Bado, bado, bado." Akaongeza kuni. Jua likafika utosini, na wakwe wakafika uani. Bi Mosi akaketi kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Chakula kiko wapi?"

"Kinakuja, mama."

Chungu kikasema, "Bado, bado, bado."

"Nakisikia," akasema Bi Mosi. "Kinasema kweli kuliko wewe."

Mapute akaonja haragwe moja. Lilikuwa kokoto. Jasho likamtoka hadi kwenye kitovu.

"Jogoo, kuna nini hapa?"

"Chumvi umetia lini?"

"Mwanzo."

"Basi umeyaudhi. Maharage hutiwa chumvi yakishalainika. Kila siku Mwamvua hufanya hivyo, nami namwona kutoka hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza upike nini, hukuniuliza upikeje."

Mapute akamwaga yale maji ya chumvi, akatia mengine, akapiga magoti akapuliza moto kwa mdomo mpaka mashavu yakamuuma. Uani watoto wakaanza kulia njaa. Bi Mosi akajifunga kanga yake upya, na mkwe wa watu akaona miguu ile inakunjwa ili kuinuka.

"Mama, nakuomba," akaita kutoka jikoni. "Nipe mpaka kivuli cha nyumba kifike kwenye mkeka wako. Nakuomba, mama."

Bi Mosi akamtazama binti yake. Mwamvua akasema, "Tukae, mama." Wakakaa.

Mapute akakuna nazi, akakuna na kidole. Akakamua tui, akatia kwanza lile jepesi. Maharage yakaanza kulegea. Akatia kitunguu, akatia tui zito, akakoroga polepole lisikatike. Harufu ikatoka jikoni, ikapita uani, ikawanyamazisha watoto. Chungu kikaacha kusema bado. Kivuli kilikuwa kimebakiza hatua moja.

Akapakua. Sahani ya kwanza akampa Bi Mosi kwa mikono miwili. Bi Mosi akatia mdomoni, akafumba macho, akatafuna kwa meno yale manne muda mrefu sana.

"Chumvi kidogo," akasema Bi Mosi. Akamaliza sahani. "Nitilie tena, nihakikishe kama kweli ni kidogo." Akamaliza ya pili. "Nitilie tena, nimeanza kuizoea." Akamaliza ya tatu. Watoto nao walikwenda na kurudi, walikwenda na kurudi, mpaka kitinda mimba akalala na kijiko mkononi. Mwamvua alikula taratibu sahani moja iliyojaa, akiwa ameketi, bila kunyanyuka hata mara moja.

Mapute akarudi jikoni. Sasa na yeye ale. Akainamisha chungu.

Hakuna kitu. Hakuna hindi, hakuna haragwe. Chini kabisa palikuwa na ukoko tu, mweusi, umeng'ang'ania chungu. Mapute akakaa juu ya kigoda, akakibana chungu kwa magoti, akachukua mwiko. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Akatia mdomoni. Ulikuwa mchungu, ulikuwa mgumu, ulinuka moshi. Akatafuna hivyo hivyo, kwa kuwa mwenye njaa hachagui.

Uani Mwamvua akaisikia sauti ile. Akainuka, akaja, akasimama mlangoni mwa jikoni.

Mapute aliinua uso, masizi mdomoni. Na hapo ndipo akili ilipomfika, imechelewa miaka tisa. Maana sauti ile aliijua. Kila jioni, akiwa amelala chali barazani tumbo limejaa, alikuwa akiisikia kutoka jikoni. Kwaru, kwaru, kwaru. Na wenzake wakimuuliza ni nini hicho, alikuwa akijibu kwa kicheko, "Ni mke wangu. Yeye hapendi chakula cha sahani. Anapenda ukoko."

Mwiko ukamwanguka. Aibu ikamshika, akatamani aingie ndani ya chungu ajifunike.

"Mwamvua, mke wangu," akasema. "Unapenda ukoko?"

"Miaka tisa," akasema Mwamvua, "leo ndiyo unaniuliza."

"Unaupenda?"

"Siupendi. Sijawahi kuupenda hata siku moja. Jioni ile uliposukuma sahani, nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nilikuwa nasubiri ushibe nione kimebaki nini."

Mapute akalia mara ya tatu, na safari hii jogoo hakuthubutu kuuliza.

Bi Mosi akapaza sauti kutoka uani. "Mwamvua! Mimi nimeshiba mpaka kanga hainitoshi, lakini shauri ni lako. Tunakwenda au unabaki?"

Mwamvua akamtazama yule mwanamume aliyekaa na chungu magotini. Akaingia, akavuta kigoda cha pili, akaketi.

"Nenda salama, mama," akasema. "Mimi nimekula nikiwa nimekaa. Nataka nione kama na kesho itakuwa hivyo."

Na kesho ikawa hivyo. Siku ya zamu ya Mapute alipika Mapute, siku ya zamu ya Mwamvua alipika Mwamvua, na yeyote aliyeshika upawa, sahani ya mpishi ilipakuliwa ya kwanza na kufunikwa pembeni. Kitambi cha Mapute kikapungua mpaka kikawa kinafika barazani pamoja naye. Wenzake walimcheka, naye akawaacha wacheke, akaenda zake kupepeta mahindi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu rudini nayo nyumbani, ikiwa chungu niachieni, nimezoea. Lakini wewe, ndiyo, wewe unayecheka kwa nguvu kuliko wote, uliyetuambia juzi kwamba mama yako hapendi kidari cha kuku, anapenda miguu na shingo. Nenda kamuulize.