Mtandio Uliobaki

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, palikuwa na mfalme ambaye nchi yake peke yake ndiyo iliyojua kufuga viwavi wa hariri. Viwavi walilishwa majani ya mforosadi, wakajifungia katika vifuko vyao, na vifuko vikatiwa kwenye maji yanayochemka ili uzi ufumuke. Wasichana waliofumua uzi hawakuwa na kucha. Na yai la kiwavi lilikuwa haramu kuvuka mpaka.

Basi binti mmoja, Shemsa, akaozwa nyuma ya milima. Akaona haya kwenda kwa mume mikono mitupu. Akaficha mayai ndani ya nywele alizosukwa, akavuka. Mfalme alipojua, Shemsa hashikiki tena. Akashikwa dada yake, Siwema, akatiwa nyumba ya vyungu, kulikochemshwa vifuko, yeye na kizazi chake.

Miaka ikapita. Ukaingia ugonjwa, viwavi wakawa weusi, wakafa wote. Mfalme huyohuyo, bila haya, akapiga mbiu: "Mbegu ya viwavi ikirudi, nitatoa mtandio wa hariri." Na msichana aliyevikwa mtandio hakuingia vyunguni maisha yake yote.

Akatumwa Mwanahawa, mwatamiaji. Katika nchi ile mayai yaliatamiwa na mwanamke, kifuani, chini ya nguo. Binti yake mkubwa alimwacha nyumbani, mchanga akambeba. Akafika kwa Shemsa. Shemsa alikuwa mjane sasa. Akampa mayai, akamchukua na binti yake mwenyewe, wakarudi pamoja.

Milimani baridi ikawakuta. Mayai yalikuwa yamekwisha kuanza kubadilika rangi, na baridi ingeyaua. Mtoto naye alitetemeka. Shemsa alikuwa amemkumbatia binti yake, na kifua cha Mwanahawa ni kimoja. Mwanahawa akamfikiria yule aliyebaki nyumbani, kwamba mbegu ikija kuletwa na mtu mwingine, yeye ataingia vyunguni. Akayaweka mayai kifuani. Mtoto wakamzika njiani, chini ya mawe.

Mavuno ya kwanza yakatoa mitandio miwili tu. Mmoja mfalme alimfunikia farasi wake. Uliobaki akauweka mbele ya wanawake watatu.

Shemsa akasema, "Bwana mfalme, nisingeiba, leo mngekuwa na nini? Mnaniita mwizi huku mmeshika nilichoiba. Mvike binti yangu."

Siwema akasema, "Uliiba, mdogo wangu, ukaenda zako kwa mume. Mikono iliyoungua ni hii. Binti yangu amezaliwa humo vyunguni, ana miaka tisa, na vidole vyake havikunjiki. Wizi wako nimeulipia mimi."

"Dada, sikujua watakushika wewe."

"Ulijua watamshika mtu."

Mwanahawa alipoulizwa akasema, "Nilikuwa na wawili. Nimebaki na mmoja."

Mfalme akapiga miayo. "Amueni wenyewe. Mtandio haukatwi. Maji yakichemka, wasichana wawili waingie ndani." Akapanda farasi, akaenda zake.

Sasa semeni nyinyi mliokaa kitako mkinisikiliza. Msinijibu kwamba mfalme ndiye mwovu. Hilo hata farasi wake analijua, na halimtoi mtoto chunguni. Mabinti watatu wamesimama mlangoni, kila mmoja anamtazama mama yake, na mvuke umeanza kutoka. Je, nani alistahili kuvikwa?