Krismasi ya Mei

"Sikukuu si tarehe, ni mtu."

Ndivyo babu yenu alivyomwambia kaka yenu Kunda huko India kwenye simu sasa hivi, nanyi nyote mmenigeukia kana kwamba nimewaficha kitu. Haika, wewe ndiye uliyeuliza methali hii imetoka wapi, basi sogeza kigoda. Lakini mikono isilale, ndizi hizi hazijimenyi. Vijana mnadhani kila methali iliteremka na mvua, haina mwenyewe. Hii ina mwenyewe. Ilisemwa na mtu, katika nyumba hii hii, nami nilikuwepo na mwiko mkononi.

Ilianza hivi. Mama yake babu yenu aliitwa Ndekusara. Mimi niliolewa na kitinda mimba wake, na kwetu Machame kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye kihamba, shamba la ukoo, pamoja na wazazi, kwa hiyo nilipika naye jiko moja miaka yangu yote ya ujana. Alikuwa na watoto watatu. Mkubwa ni Aminieli, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam, na sauti kubwa kuliko duka. Wa katikati ni Manka. Huyo alikwenda Kanada kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Aliwalisha na kuwaogesha mama za watu, na mama yake mwenyewe akawa anamsikia kwenye simu tu.

Mambo ya Desemba mnayajua. Mchaga anaweza kuwa mbali mwaka mzima asiulizwe, lakini Desemba asipoonekana nyumbani, watu huanza kuuliza kama yu mzima. Magari hupanda mlimani yamefuatana, mbuzi huchinjwa, supu ya kisusio huchemka, na mtoto mkubwa hushika kisu na kugawa nyama, kila mtu na sehemu yake. Katika nyumba hii sehemu ya Manka ilikuwa ubavu. Kila Krismasi Aminieli aliukata akauweka kando, na Mama akautundika juu ya moshi wa jiko, akisema, "Huenda amechelewa njiani." Januari ikishaanza kuzeeka aliushusha, akampelekea jirani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiona uso wake anapoushusha, na nawaambieni, sikupenda kuuona.

Si kwamba Manka hakutaka kuja. Nauli ilimshinda. Na si kwamba hakujua kutafuta, maana yule binti alikuwa hodari wa tiketi kuliko wanaoziuza. Alianza kuchungulia bei tangu mahindi yakiwa shambani. Alijua kwamba safari ya katikati ya wiki ina nafuu kuliko ya Ijumaa. Alikuwa tayari kubadilisha ndege mara mbili, alale kwenye benchi la uwanja wa watu asiowajua, ashukie Nairobi badala ya hapa Kilimanjaro, halafu avuke Namanga kwa basi. Alikuwa tayari kusafiri bila hata sanduku. Alibadilisha kila kitu, isipokuwa mwezi.

Mwezi ulikuwa Desemba, basi. Kumbe Desemba ndiyo dunia nzima inataka kupanda ndege, na wenye ndege wanalijua hilo vizuri. Lakini angeandika mwezi gani mwingine? Kwetu mtu akionekana kijijini mwezi Mei, kwenye tope na ukungu, ama amefiwa ama amefukuzwa kazi. Wazo la Mei halikupata hata mlango wa kuingilia kichwani mwake. Kila mwaka alipiga simu, akavuta pumzi, akasema, "Mama, mwakani." Na Mama akajibu, "Mwakani si mbali, mwanangu."

Mwaka ninaowaambia, mwakani ilikuwa mbali. Macho ya Mama yalikuwa yanazimika. Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa macho, naye akasema ni presha ya macho, imekwishakula sehemu kubwa, na kilicholiwa hakirudi. Akatupa dawa ya matone. Akasema kwa matone hayo huenda akaendelea kuona kidogo mpaka masika, zaidi ya hapo hakuahidi. Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni Mama akanishika mkono, akaniambia, "Manka asijue. Akijua atakopa, aje na deni mgongoni, na mimi sitaki kumwona mwanangu akiwa na mzigo." Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Lakini nataka kumwona. Kabla haya hayajafungwa, nataka nimwone uso."

Sasa nikawa nimebeba siri mbili za watu wawili, maana haikupita muda Manka naye akanipigia.

"Wifi," akaniambia, "Mama yuko karibu?"

"Yuko nje anaota jua. Sema."

"Nimekosea kubonyeza, wifi. Nilikuwa natafuta Desemba, kidole kikaangukia Mei. Bei ikaja chini ya nusu! Nikadhani mashine imeharibika. Nimerudia mara nyingi, ni ile ile. Na likizo ya Mei kazini hawaninyimi, hakuna anayeigombania."

"Sasa unalia nini?"

"Nitakuja Mei kufanya nini? Mbuzi hakuna, watu hawapo. Kaka Aminieli atasema nimefukuzwa. Usimwambie Mama, nitaendelea kutafuta."

Mimi simu zangu mnazijua, naziweka sauti kubwa mpaka migomba inamsikia anayepiga. Nilipogeuka, Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo. Macho yakipungua, masikio huongezeka. Akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Manka."

"Abee, Mama."

"Hiyo ndege ya Mei inaruka?"

"Inaruka, Mama."

"Na kutua, inatua?"

"Inatua."

"Basi una shida gani nayo?"

Manka akacheka huku analia. "Mama, Mei hakuna sikukuu."

"Wewe panda ndege," Mama akasema. "Mambo ya sikukuu niachie mimi mwenye nyumba."

Nilimgusa mkono amwambie habari ya macho. Akanipa mgongo, akanirudishia simu kwa nyuma. Ndekusara akishaamua jambo, hata ukilia huwezi kulirudisha.

Desemba ikaja, na magari yakaja. Aminieli alishuka na watoto wake na makreti ya soda, akavua saa, akakunja mikono ya shati, akaomba kisu. Hakuna aliyempa. Akaenda bandani, akamkuta mbuzi amenona, anatafuna majani bila wasiwasi wowote. Akarudi jikoni, akaona kwenye chungu ndizi na maharage.

"Mama, mbona huyu mbuzi bado amesimama?"

"Anamngoja Manka. Atakuja Mei."

Watu wakacheka. Kisha wakamtazama Mama vizuri, wakaacha.

"Mama," Aminieli akasema, na ile sauti yake, "nimetoka Dar na watoto, nimekaa barabarani kutwa, nile maharage Krismasi? Watu watatucheka. Sikukuu ina tarehe yake!"

Mama alikuwa ameketi palipo hilo kabati sasa. Hakupandisha sauti. Akasema, "Kanisani, ndiyo. Bwana Yesu azaliwe siku yake, huko sijagusa kitu. Lakini hapa nyumbani miaka yote nimechinja kwa tarehe, nikala kwa tarehe, na ubavu wa mwanangu ukakaukia kwenye moshi. Sikukuu si tarehe, Aminieli. Ni mtu."

Aminieli akachukua sahani. Alikula maharage yale amenuna kama mtoto aliyenyimwa sukari, na Januari akaondoka bila kuahidi kwamba Mei atarudi. Hiyo ilikuwa shida, maana kisu cha kugawa ni cha mkubwa. Babu yenu hapa asingeweza kukishika kaka yake akiwa hai.

Nilihesabu nini miezi ile? Nilihesabu matone. Asubuhi nilimtia dawa, kisha nikamsimamisha mlangoni, nikamuuliza anaona nini. Kwanza alisema, "Naona migomba." Baadaye, "Naona kijani." Masika yalipoanza kupiga mabati alisema, "Naona kama kuna mtu amesimama, nadhani ni wewe." Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, nikamwomba Mungu ambakishie kidogo tu, kijiko kimoja cha mwanga.

Siku aliyokuja Manka mvua ilikuwa hainyeshi, ilikuwa inamwagwa. Basi la kutoka Nairobi lilimshusha njia panda. Bodaboda ikampandisha nusu ya mlima, ikashindwa na tope, akaja kwa miguu. Tulisikia hodi. Nikafungua, nikaona mtu mnene ajabu, amevimba mikono, shingo haionekani, tope mpaka magotini, na mgongoni kijimfuko kidogo. Sikumtambua. Mama akauliza kutoka kitini, "Ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

Mama akainuka bila fimbo. Akamshika mabega, akambonyeza mikono, akashtuka. "Manka! Mbona umekuwa mkubwa hivi?"

Manka akaanza kucheka. "Ile tiketi ya bei nafuu haina mzigo, Mama. Zawadi zenu nimezivaa."

Weee! Tulicheka mpaka babu yenu akaja mbio kutoka bandani. Mama mwenyewe akaanza kumvua. Sweta la kwanza akalipapasa, akauliza, "La nani hili?" "La Kaka Aminieli." La pili la babu yenu. La tatu ni hili la kijani nililovaa, msilicheke viwiko vyake. Chini yake koti la sufu la Mama, na chini ya koti bado kulikuwa na la mtoto, limemkaba kifua. Kila alipovua moja Manka alipungua, mpaka mwisho akabaki mwanamke mwembamba, mabega ya kuchoka, anatetemeka kwa baridi.

Cheko likamwisha Mama. Akamshika mkono, akamvuta mpaka mlangoni, mvua ikiturukia miguuni. Akamgeuza uso kwenye mwanga. Akaukaribia, karibu kabisa, pua kwa pua, akautazama kipande kwa kipande: paji, jicho, jicho la pili, kidevu. Hapo ndipo Manka alipoelewa. Akanitazama mimi, nami nikainamisha kichwa.

"Kumbe una mvi, mwanangu," Mama akasema.

"Ninazo, Mama."

"Hapa pembeni. Nimeziona." Akazishika. "Nimekuona."

Manka alimwangukia mama yake kifuani, akalia kama siku aliyozaliwa. Sisi wengine hatukuwa na la kufanya ila kulia nao.

Kesho yake asubuhi mbuzi alikuwa amefungwa uani, na kisu juu ya meza, na hakuna wa kukishika. Mama akasema, "Tungojeni kidogo." Kumngoja nani, hakusema. Mara tukasikia mtu anafoka huko chini njiani, anailaani barabara, anayalaani matairi. Aminieli! Gari lilikuwa limezama kwenye tope. Alikuwa amebeba viatu mkononi, suruali imekunjwa. Siku ya kazi, duka amelifunga. Akafika uani, akamwona dada yake. Akamkumbatia bila kunawa tope. Kisha akamgeukia Mama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema neno polepole.

"Mama, nimefunga duka. Watu wameniuliza nakwenda sikukuu gani mwezi huu. Nimewaambia sikukuu si tarehe, ni mtu."

Akachukua kisu. Ubavu wa Manka haukwenda kwenye moshi mwaka ule. Aliula wa moto, kwa mikono, mafuta yanamchuruzika, na Mama ameketi karibu naye anamtazama akitafuna, akamtazama mpaka mchana ukaisha. Aminieli akarudi na maneno yale Dar, wateja wake wakayachukua, na leo nayasikia hata kwa watu wasiojua Machame iko wapi.

Desemba iliyofuata magari yalipanda, mbuzi mwingine akachinjwa. Jioni Mama aliniuliza kama tumeshawasha taa. Zilikuwa zinawaka zote. Nikamwambia, "Bado, Mama." Akatabasamu, maana alijua ninadanganya. Akasema, "Hata zisipowaka. Mvi za Manka ninazo hapa," akajigusa kwenye kope.

Haya, Haika, futa machozi, utatia chumvi ndizi mapema. Mpigie kaka yako huko India. Mwambie aache kulia na bei za Desemba, abadilishe mwezi. Mwambie mbuzi wa bibi yake ana subira, na mimi macho yangu bado yanaona. Sikukuu si tarehe, ni mtu.