Kwa Nini Maji ya Kwanza Humwagwa Kizingitini

Hapana, mkamwana, mkono wangu haukuteleza. Maji yale nimeyamwaga kizingitini kwa kusudi, kama jana na juzi, nawe umeguna kwamba kizee huyu anaharibu maji yaliyotekwa kwa jasho la mwenzake. Nimekusikia. Masikio yangu bado mazima, ni magoti tu yaliyonikimbia. Huko kwenu ng'ambo ya mto labda hamna desturi hii. Tua mtungi, uketi hapo mkekani, nikueleze.

Zamani, kabla ukuta wa mji wa Uruda haujaanguka ukawa kile kilima cha udongo unachokiona kule, watu wa nchi hii iliyo kati ya mito miwili hawakuwamwagia wafu maji. Aliyekufa alizikwa, akaliliwa, basi. Hakuna aliyejua kwamba huko chini, katika nchi ya mavumbi, wafu wana kiu.

Aliyetawala Uruda siku hizo alikuwa Lushara. Alikuwa shujaa kweli kweli, sitamnyima haki yake. Ndiye aliyeujenga ukuta, na jina lake lilipigwa muhuri kwenye kila tofali kabla halijaingia tanuruni, ili asisahaulike milele. Lakini alikuwa mpweke. Mtu anayeogopwa na wote hana wa kula naye. Siku moja, akiwinda kwenye mabwawa ya matete, alimkuta kijana amemshika pembe nyati aliyezama topeni, anamvuta peke yake ili asife. Lushara aliutupa mkuki akashika pembe ya pili. Nyati alipotoka, wote wawili walikuwa wamejaa tope hadi masikioni, wakacheka mpaka wakakaa chini.

Tangu hapo hawakuachana. Lushara alimwita "ndugu yangu", na kijana naye alimwita hivyo hivyo. Walikula sahani moja, wakapigana vita vyote bega kwa bega.

Kisha akaja simba wa tufani, yule aliyetembea ndani ya vumbi na kukausha kila kisima alichokipitia. Ndugu hao wakatoka kumkabili. Simba alipomrukia Lushara kooni, mwenzake akajitupa katikati. Simba walimuua, lakini kijana naye hakuinuka tena. Alikufa pale pale mchangani akiomba maji, na kiriba chao kilikuwa kitupu.

Lushara alilia mpaka sauti ikamkauka. Watu walipokuja kumpa pole aliwafukuza. Kilichomtafuna ni kile kiriba, kwamba ndugu yake alikufa na kiu naye hakuwa na hata funda moja la kumpa. Basi akakijaza maji ya mto, akakitia begani, akaenda upande jua linakozama, hadi penye lango la nchi ya wafu.

Bawabu wa pale ni mzee asiye na haraka, maana wote watafika kwake. Akamwambia, "Aliye hai haingii humu. Lakini simama kizingitini umwite. Akisikia anaitwa atakuja, nawe utammwagia maji yake."

Lushara akaita kwa nguvu zake zote, "Ndugu yangu!"

Huko gizani wakainuka wafu wote. Walisogea langoni kimya, umati usio na mwisho, wana vumbi hadi kwenye kope, midomo wazi, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kuwa ndugu wa mtu.

"Yupi?" akauliza bawabu. "Huyo wako anaitwa nani?"

Lushara akafumbua kinywa alitaje jina, ndipo akatambua. Hakuwahi kuuliza. Jina lake mwenyewe lilikuwa kwenye kila tofali la Uruda, na jina la mtu aliyemfia hakulijua. Mimi sijui upweke unaozidi huo, mwanangu, kusimama mbele ya umati, unayempenda yumo, na huwezi kumwita. Lango likafungwa.

Akarudi na kiriba chake kwenye mabwawa, akauliza nyumba hadi nyumba, mpaka akafika kwenye kibanda cha matete cha mwisho kabisa. Humo alimkuta mwanamke mzee akisuka mkeka peke yake. Akamsimulia yote, na habari ya kiriba kitupu hakuificha.

"Kumbe ni wewe uliyemchukua mwanangu," mama akasema. "Nawe ulikuwa ukimwitaje?"

"Ndugu yangu."

"Na mimi niliyemzaa, ulidhani nilimwita nani?"

Lushara akainamisha kichwa. Mama akalia, akalia sana, naye akakaa karibu yake. Mama aliponyamaza akafuta macho kwa kiganja cha mkono wake, akasema, "Anaitwa Balishu."

Mfalme akainuka kurudi langoni. Mama akamzuia. "Wapi huko? Kizingiti ni kizingiti. Lete hayo maji." Wakayamwaga hapo mlangoni, wakasema pamoja, "Balishu, njoo unywe." Ardhi iliyokauka ikayanywa yote, kisha wakasikia mtu akishusha pumzi ndefu, kama msafiri aliyetua mzigo. Hakusema neno wala hakuonekana. Ndivyo ilivyo, maji hufika, mtu harudi.

Kabla ya kuondoka, Lushara alimwuliza na mama jina lake. Aliitwa Ahatu.

Na tangu siku hiyo, upande wetu huu wa mto, hakuna anayekunywa asubuhi kabla maji ya kwanza hayajamwagwa kizingitini na jina kutajwa. Matofali ya Lushara tumejengea mabanda ya mbuzi. Hakuacha mtoto, kwa hiyo humtaja mimi.

Sasa sikiliza. Tangu mwanangu akuoe unaniita Mama Idinu, kama wanavyoniita wote, na hiyo ni adabu njema, sikulaumu. Lakini waliokuwa wakiniita kwa jina langu wote wako huko chini, nawanywesha mimi. Siku nikienda, utasimama hapa na maji yako uite "Mama!", nao mama wote watainuka, nami nitakuwa nyuma yao na magoti yangu haya. Naogopa, mwanangu. Basi sogea karibu. Mimi naitwa Tabni. Hebu litaje, nilisikie.