Mto wa Sufi wa Bi Mwantumu

Jamani, leo wekeni kando zile picha za maua na kikombe cha chai mnazotumiana kila kukicha. Someni hii kwanza. Mwenye roho nyepesi avumilie kidogo, mwisho wake ni wa kushukuru.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mwajabu. Binti yake wa pekee, Sauda, alipatikana na saratani ya damu kabla hajaanza darasa la kwanza, akalazwa wodi ya watoto katika hospitali kubwa ya mkoa. Dawa za saratani zikaanza. Nywele zikaenda, hamu ya kula ikaenda, lakini ugonjwa nao ukaanza kurudi nyuma, na nyumba nzima ikapumua.

Siku ya kulazwa, Mwajabu alielezwa sharti moja la wodi ile: kitu cha kulalia au mmea kisitoke nyumbani. Mkeka, mto, blanketi la zamani, hata ua la kwenye chungu, vyote viishie getini.

Sasa nani atamwambia hivyo Bi Mwantumu?

Bi Mwantumu alikuwa mama mkwe wa Mwajabu. Mnawajua wakwe wa namna hii: akikohoa sebuleni, jikoni masufuria yananyamaza. Alipokuja kumwona mjukuu, alikuja amekumbatia mto wa sufi alioushona kwa mkono wake, sufi ya mti ulioko nyuma ya nyumba yake. Sauda aliulalia mto ule tangu akiwa mchanga. Lakini masika yote yaliyopita ulikaa stoo juu ya magunia. Bibi aliuanika juani kidogo, akaona yatosha.

"Mjukuu wangu hawezi kulalia hili tofali la serikali," akasema, akausukuma kando mto wa hospitali.

Mwajabu akafungua kinywa aseme kwamba wamekataza. Kinywa kikajifunga chenyewe. Tangu aolewe hajawahi kumwambia mwanamke yule neno "hapana", ndio aanzie hapa, mbele za watu? Tena Sauda alikuwa ameshaukumbatia mto, anacheka, na hakuwa amecheka tangu alazwe. Basi Mwajabu akauvisha foronya ya wodi. Muuguzi akipita anaona mto kama mito mingine.

Mto tu, alijiambia. Mto umeua nani?

Haukupita muda, homa ikapanda. Antibiotiki zikawekwa, zikabadilishwa, homa imekataa kushuka. Mtoto akaanza kukohoa na kushika kifua. Wakampeleka kupigwa picha ya kifua. Aliporudishwa kitandani, Daktari Mbawala aliyekuwa akimtibu akaja na majibu. Bi Mwantumu alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake kama kawaida.

"Mama Sauda, tumeona madoa kwenye mapafu. Kwa dalili zote, ni fangasi."

Mwajabu nusura acheke. "Fangasi? Hii ya vidole vya miguu? Si kuna mafuta yake duka la dawa!"

"Laiti ingekuwa hiyo," daktari akasema. "Hii inatokana na ukungu. Vumbi lake mimi na wewe tunalivuta, kinga zetu zinalimaliza hata hatujui. Sauda kinga yake imeshushwa na dawa za saratani, hana askari wa kumlinda. Ikishika mapafu ya mtoto kama huyu, inaweza kumwondoa kabla ya saratani yenyewe. Tunaanza dawa yake leo, kwa dripu. Lakini niambie kweli: kuna kitu chochote kimetoka nyumbani?"

Mwajabu akamtazama mama mkwe wake. Akatazama sakafu. Moyo unamwambia sema, ulimi mzito.

"Hakuna, daktari."

Daktari akageuka aondoke. Ndipo kikasikika kiti kikiburuzwa. Bi Mwantumu kasimama. Mwajabu akajua leo ndio leo.

Bibi akamwinua Sauda taratibu, akamwegemeza begani, akauchomoa ule mto na kuuvua foronya. Pembeni palikuwa na madoa meusi, na harufu ya stoo ikatoka.

"Usiukung'ute, Bibi!" daktari akawahi. "Uweke kwenye mfuko, tuufunge."

"Mkwe wangu kakudanganya," Bi Mwantumu akasema mto ulipokwisha kufungwa. "Huu ni wangu, nimeuleta mimi. Sikujua kama mmekataza." Kisha akamgeukia Mwajabu. Watu wa vitanda vya jirani wakatega masikio, wanasubiri matusi.

"Uliogopa nini?"

"Nilikustahi, Mama."

"Umenistahi!" Sauti ya bibi ikakatika. "Mimi nimwekee mjukuu wangu ukungu puani kila siku, na wewe unaniamkia shikamoo? Heshima gani hiyo? Mficha uchi hazai, mwanangu, na wewe umeshazaa. Unamficha nani tena?"

Mwajabu akalia. Na hapo bibi akafanya jambo ambalo mkwewe hakuwahi kulitarajia. Akamshika mkono.

"Nisamehe," akasema. "Kama unaniogopa mimi kuliko unavyoogopa kumzika mwanao, basi kosa si lako peke yako."

Daktari Mbawala hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba hawezi kuapa ni mto ule, maana ukungu uko kila mahali. "Ila kumtibu huku mto uko chini ya kichwa chake ni sawa na kupiga deki wakati bomba linavuja."

Dawa za saratani zikasimamishwa kwanza, dripu ya fangasi ikaendelea. Wakasubiri. Wee, acheni kabisa kusubiri kwa namna ile! Mpaka asubuhi moja Sauda akafumbua macho, akaomba uji, akaonja, akakunja uso.

"Mbona hauna sukari?"

"Alhamdulillahi, analalamika!" Bi Mwantumu akapiga kelele, machozi yanamtiririka, wodi nzima ikacheka naye. Homa ilikuwa imeshuka, na haikurudi tena.

Waliporuhusiwa nyumbani kwa muda, walipewa vidonge vya fangasi vya kuendelea navyo kwa miezi. Jamaa hawakukosa: "Si keshapona huyu? Mnamlisha madawa ya nini?" Bibi akawajibu, "Daktari ni nani hapa, wewe?" Vidonge vikaendelea. Picha ya kifua ilipopigwa tena, madoa yalikuwa yamefifia, na Sauda akarudi wodini kumalizia tiba yake ya saratani.

Siku aliyorudi, wifi yake Mwajabu, binti wa Bi Mwantumu, akaja na blanketi zito la manyoya, la urithi, limetoka sandukuni. Mwajabu akamkuta getini. Bibi alikuwa nyuma yake.

"Ahsante sana, wifi yangu," Mwajabu akasema. "Lakini hapana. Hilo haliingii."

Wifi akamgeukia mama yake, macho yamemtoka. Bi Mwantumu akajifunga kanga vizuri.

"Umemsikia," akasema. "Hata mimi hunikataza."

Haya, mtumie mwenye mgonjwa wodini. Na kama unathubutu, mtumie na mama mkwe wako.

Funzo: Mwambie daktari kila kilichoingia kwa mgonjwa, na uanze na kile kilicholetwa na mtu unayemwogopa; anayempenda mgonjwa kweli atameza aibu yake kabla hujamaliza kusema.