Upenu wa Bibi Uneisa

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Yemeni aliishi seremala mcha Mungu aitwaye Jubeiri, pamoja na mkewe Uneisa, Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Jubeiri aliunda milango ya watu, madirisha ya watu, na hata mimbari ya msikiti. Kazi za nyumbani kwake alizijibu kwa neno moja: "Kesho, inshallah."

Uneisa alioka mikate na kuiuza pale pale mlangoni. Mvua ikinyesha, wanunuzi waliloa, mikate ililoa, na yeye mwenyewe aliloa. Miaka mingi alimwomba mumewe amjengee upenu wa mbao juu ya mlango, na miaka mingi akajibiwa inshallah.

Siku moja akamwambia, "Inshallah ni neno tukufu, mume wangu. Usiligeuze kitanda cha kulalia."

Jubeiri akacheka mpaka akakaa chini, na asubuhi yake akaanza kazi. Akachonga mihimili miwili ya mkunazi na kuichimbia ukutani, kisha akalaza mbao juu yake zikipandana kama magamba ya samaki. Ilipofika zamu ya mteremko akafikiri sana. Upande wa kulia wa mlango ndiko walikopita watu waendao msikitini, naye kwa ucha Mungu wake akachelea matone yasije yakachafua kanzu zao kabla ya sala. Basi akauinamisha upenu wote kuelekea kushoto.

"Haya, Bibi," akasema akishuka ngazi. "Ramadhani hii inayokuja utauza mikate ya futari nawe ni mkavu kama tende."

Mvua ya kwanza iliponyesha, Uneisa alisimama chini ya upenu akanyoosha mkono. Hakupata tone. Akacheka peke yake. Kisha akasikia maji. Upande wa kushoto yalikuwa yakimwagika kama yanatoka kwenye ndoo, moja kwa moja kwenye kizingiti cha jirani yao Mzee Dhakwani, mjane asukaye mikeka.

Asubuhi akamchukulia mkate wa moto. Akamkuta ameweka chungu mlangoni, kimejaa pomoni.

"Ami, maji yetu yanakusumbua."

"Yanisumbue wapi, mwanangu? Zamani niliyafuata kisimani kwa mkongojo. Sasa maji ya udhu yananijia mlangoni kama mgeni mwenye adabu."

Uneisa alitamani sana kuyaamini maneno hayo. Mwenye haki mwenyewe amesema hana neno. Nani mwingine angemuuliza? Lakini mzee alipousukuma mlango aweke mkate, Uneisa aliona ndani. Kizingiti ambako mzee alikuwa akianikia ukindu wake kilikuwa tope tupu, na ukindu na mikeka yote ilikuwa imerundikwa kitandani, karibu ifike darini. Sakafuni palikuwa na kipande cha mkeka mkuukuu na mto.

"Ami, unalala wapi siku hizi?"

"Ninapopata usingizi," akajibu mzee, huku akitafuna.

Uneisa alirudi akasimama chini ya upenu wake kwa muda mrefu. Alijua kwamba ukishushwa hautarudi kabla ya Ramadhani, na Ramadhani ndiyo iliyomletea wanunuzi wengi kuliko miezi yote. Kisha akaita.

"Fundi Jubeiri! Shusha upenu."

"Subhanallah! Miaka yote umenisuta niupandishe. Leo hata mbao hazijauzoea ukuta, wataka niushushe?"

"Maji yanaingia kwa Ami Dhakwani."

"Amelalamika?"

"Hakulalamika, na hilo ndilo linalonitisha. Jirani akilalamika, tutapatana naye hapa hapa kwa maneno mawili na kikombe cha kahawa. Asiyelalamika, kesi yake tutaikuta mbele ya Mola, na huko sina mkate wa kumpelekea."

Jubeiri akasema kwa sauti ya chini, "Nilizihurumia kanzu za wapita njia, nikasahau kitanda cha jirani." Akapanda ngazi, akaanza kung'oa misumari.

Ramadhani ikaingia na mvua zake. Uneisa akauza mikate huku amejifunika gunia la unga kichwani, na wanunuzi hawakumwacha.

"Bi Uneisa, upenu wako umekwenda hija?"

"Umekwenda kutubu," akawajibu. "Ukirudi utakuwa mwema kuliko nyinyi."

Nao ulirudi, mwezi ukiwa katikati. Safari hii Jubeiri aliuinamisha mbele, na ukingoni akafunga gogo alilolichimba likawa mfereji wa kupeleka maji mbali, barabarani. Mzee Dhakwani akatoka na mkongojo wake kuja kukagua. Akakitazama kizingiti chake kikavu, akautazama mfereji. Mke na mume wakasubiri dua.

"Mwenyezi Mungu awalipe kheri," akasema mzee. "Na maji yangu ya udhu je?"

Wakatazamana. Uneisa ndiye aliyeanza kucheka.

"Kumbe mlidhani nilisema uongo?" akauliza mzee. "Maji niliyapenda kweli. Kitanda tu ndicho nilichokikumbuka."

Jubeiri akapanda ngazi tena, safari hii bila inshallah. Akaugeuza mfereji ukaishia katikati ya milango miwili, na Uneisa akaweka hapo mtungi wake mkubwa. Mzee akatawadha kwenye mtungi huo, na waendao msikitini wakatawadha, wala kanzu zao hazikupata tone.

Basi, enyi ndugu katika imani, jirani akikwambia kwamba hana neno, mshukuru. Kisha tazama anapolala.